Dodo Zangu Chini ya Migomba

Jumamosi. Mvua imekatika saa nne, ukungu bado umelalia upande wa Rugera. Nina furaha na nimechanganyikiwa, vyote kwa pamoja.

Ndoa ni tamu. Projestus wangu akiniita "mugole" kutoka uani, mimi bibi harusi wake nasahau hata nilichoshika mkononi. Alipougua nilimpenda zaidi. Samahani mpenzi, nautaja ugonjwa wako: kilikuwa choo kigumu. Nesi wa zahanati akamuuliza anakula nini. Ndizi na maharage, ndizi na nyama. Akaambiwa aongeze mboga za majani na matunda, na anywe maji ya kutosha.

Ndipo nikaziacha dodo, mchicha unaojiotea shambani, zistawi chini ya migomba. Jioni nachuma, naunga kwa karanga, kisha namkatia papai. Amepata nafuu, anaimba akioga. Nikajiona daktari wa nyumba.

Leo nimerudi kutoka kuchota maji, nikamkuta mama mkwe shambani kwetu, khanga kiunoni, jembe mkononi. Dodo zote za upande wa juu amezing'oa na kuzitandaza kwenye mashina ya migomba.

Nilisimama na ndoo kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mugole. Nimekufichia aibu. Watu wakipita wakaona magugu haya, watasema mwanangu ameoa picha ya ukutani."

Jasho lilikuwa linamtoka kwa ajili yangu. Ningemwambiaje kwamba magugu hayo ndiyo yaliyomponya mwanawe? Na habari ya choo cha mwanawe ningeianzia wapi?

Alipokwenda kunawa, niliokota ambazo hazijanyauka, nikapika. Mezani mama akalitazama bakuli.

"Majani haya tuliyala mwaka wa njaa. Kwani ndizi zimewaishia?"

Projestus akajipakulia, akaongeza. Mama akaonja kidogo. Kisha akalivuta bakuli upande wake, na halikurudi.

Nikadhani tumeelewana.

Wakati wa kuaga akanishika mikono yote miwili. "Jumatatu nakuja kukumalizia upande wa chini."

Upande wa chini ndiko zilikobaki.

Amezipenda, au alikuwa na njaa tu? Ananisaidia, au ananionya? Sijui, na bado nampenda, maana ndiye aliyenizalia Projestus.

Jumatatu nitamsubiri shambani na kikapu, nimwombe tuchume kwanza ndipo tupalilie. Akiuliza ni za nini, nitamwita mwanawe aje ajieleze mwenyewe.