Ninywe au Nifunge

Ghulail, Jeddah
Ijumaa, 18 Julai 2014

Mpendwa Shangazi Zubeda,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango, na ukimaliza uichome barua hii. Mama asijue, na mama mkwe wangu ndiye asijue kabisa. Hata Mirriam aliyekuletea, mwenzangu wa chumba anayesafiri usiku huu kuja likizo, hajui amebeba nini. Nimemwambia ni mapishi. Ningekupigia, lakini simu mnayotumia hupokelewa na Mama.

Magoti yako yanaendeleaje? Na huko Mumias, mvua imewaachia mahindi? Mimi ni mzima, nadhani. Hiyo "nadhani" ndiyo iliyonifanya nikuandikie wewe uliyezalisha nusu ya mtaa. Nina mimba ya miezi mitano.

Mume wangu Swaleh anafurahi huko Riyadh, ila simu zake hunichanganya. Anasema nile na ninywe, dini imeniruhusu. Hapo hapo anasema wasijue shuleni mpaka nimalize miezi ya majaribio, baada ya Idi. Karani aliyenitangulia alishika mimba akiwa kwenye majaribio, akapewa tiketi ya kurudi kwao. Sasa nitakulaje mchana wa Ramadhani, katika ofisi ya wanawake pekee, bila kuulizwa kwa nini sifungi? Nikaona afadhali nifunge.

Joto la hapa silo la kwetu. Maji ya bomba hushuka kutoka kwenye tangi la juu ya paa yakiwa yanachoma, hata tumezima hita tunaogea yaliyokaa ndani yake, kwa kuwa ndiyo yaliyopoa. Miguu imevimba, viatu vinanibana. Abaya inanifichia tumbo lakini inanipika. Nikilala chali nakosa pumzi, nikilala ubavu nawaza.

Nilidhani kufunga kutanificha. Wiki ya pili Ibtisam, Msudani tunayeandikisha naye wanafunzi, akanitazama akacheka. "Hidaya, sote tumeshapumzika kwa siku zetu za mwezi, wewe unafunga tu. Wewe malaika?" Wenzake wakacheka naye. Hilo sikuwa nimelifikiria: nisipofunga watajua, na nikifunga mwezi mzima bila kupumzika watajua vilevile.

Kesho yake nikajifanya nimeingia mwezini. Siku tano nilikunywa maji stoo, kando ya mashine ya fotokopi, na humo ndimo mtoto alimoanza kucheza. Siku zikaisha, nikarudi kufunga. Tangu juzi hachezi. Nimemkumbuka yule wa mwaka jana, Shangazi. Wewe ndiye uliyemfunika sanda.

Jana nikaona giza nikiwa nimesimama na mafaili. Ibtisam alinishika mkono, akaniingiza stoo, akafunga mlango, akanipa chupa.

"Kunywa, binti. Nimezaa wanne, unamficha nani?"

Nikanywa yote. Sijui kama ni rafiki au atamwambia mkuu wetu. Sijui kama mtoto amenyamaza kwa kiu au kwa kuwa bado ni mdogo. Daktari wa zahanati ya mtaani aliwahi kunikataza kufunga, nami sikumsikia, sasa naona haya kurudi kwake. Nikienda hospitali kubwa wataniuliza mwajiri, na shuleni watajua. Niambie tu, ukimya wa namna hii ni wa kungojea?

Msalimie Mjomba Juma, mwambie nanenepa kwa wali wa Waarabu. Mungu akutunzie mikono hiyo, nije niikute.

Usitumie simu ya Mama. Azima ya jirani yako Lois, useme unamtafuta mgonjwa wako. Usinitumie ujumbe, simu yangu hukaa mezani mbele ya watu. Jioni usipige, wenzangu wa chumba husikia kila neno. Piga Jumapili adhuhuri, saa zenu na zetu ni moja. Iite mara moja ukate, nitaingia stoo nikupigie. Nitakuwa na chupa yangu ya maji. Hilo nimeliamua mwenyewe. Mengine niamulie wewe.

Ni mimi nikupendaye,
Hidaya