Kimya Nilichompa Baba Asha

Alhamisi, Kasongo. Mvua imepiga mabati tangu alfajiri, ikakatika saa nane mchana. Sasa nyumba imetulia, na leo utulivu huu nauogopa. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi alifika mzee Lukali, kwa pikipiki kutoka Salamabila, kunipa pole. Alikuwa askari pamoja na mume wangu, Baba Asha, tuliyemzika miezi miwili iliyopita. Anaongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Nilimketisha ndani, nikawafukuza watoto barazani ili apumzike.

Mvua ilipokatika tu, akashika kichwa.

"Shemeji, hii nyumba iko kimya mubaya! Ita watoto warudi, wapige makelele. Ao nipeleke kwenye ile mashine ya mpunga niliyopita njiani, nikae pale."

Nilicheka. "Na wewe pia? Bwana yangu alishinda pale kila siku. Kumbe ninyi wote munamufuata Mama Salima!"

Mama Salima ndiye mwenye mashine. Nilimwonea wivu miaka mingi.

Mzee hakucheka. "Hakukuambia? Sisi tulikuwa watu wa mizinga. Toka vita masikio inalia nyiii, haikatiki. Penye kelele inajificha. Penye kimya inakula mutu. Lakini ukisema, wanakuita mwendawazimu."

Hakuniambia.

Nilijua tu kwamba sikio la kushoto lilikuwa zito, na kwamba siku za mvua alilala kama mtoto. Nilidhani ni baridi.

Mwaka jana nilimwambia achague, mimi au yule mwanamke. Alinitazama, akavua viatu, akaketi. Hakwenda tena kwenye mashine.

Halafu akaugua. Nikamtunza kama tunavyotunza mgonjwa. Nilizima redio. Nilihamisha kuku. Kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, nilikipeleka kwa jirani, mchi usimsumbue. Kila aliyepita dirishani nilimnyamazisha: "Sss, baba analala."

Hakulala. Alitazama dari, machozi yakimwingia masikioni. Nilidhani ni tumbo linamuuma, nikafunga na dirisha.

Nilifunga na dirisha!

Nilimpeleka mzee Lukali kwenye mashine. Akakaa juu ya gunia la pumba, pale pale alipokuwa anakaa Baba Asha. Injini ilipowaka, uso wake ukalegea. Naujua uso ule. Ni uso wa mume wangu siku ya mvua.

Nikamwomba Mama Salima msamaha. Hakusikia kwa ngurumo, ikabidi nipige kelele, na wote waliopanga foleni na mpunga wao wakageuka.

"Eh, Mama Asha!" akanijibu kwa kelele vilevile. "Bwana yako alikuwa analala hapa mudomo wazi, pumba zinamuingia. Mupenzi gani analala mudomo wazi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikalia, na injini ikanisitiri.

Jioni nimekwenda kwa jirani kuchukua kinu. Nimekiweka chini ya dirisha la Baba Asha, na dirisha nimelifungua. Kesho nitatwanga sombe pale, kwa nguvu zangu zote.

Najua hayupo. Nitatwanga tu.