Ua la Kofia ya Hamad

Tibirinzi, Chake Chake
Jumanne, 8 Machi 2011

Kwa dada yangu Moza,

Assalamu alaykum. Hujambo weye? Na Bi Mgeni, shangazi yetu, kifua chake kimetulia? Na ile cherehani yako iliyokuwa ikikata uzi, umeshapata fundi? Sie huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua akirukuu, lakini ulimi wake mzima kabisa. Jana kamwambia muuza pweza kuwa pweza wake kafa kwa uzee.

Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Nimeandika kusudi. Nina jambo linalokuhusu, limo ndani ya nembo ya biashara yangu, na kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho. Nakuomba usome mpaka chini.

Biashara inakwenda, namshukuru Mungu. Siku hizi sichori maua ya kofia za kushonwa tu. Nina kompyuta, natengeneza kadi za harusi, mabango ya maduka, beji za skuli. Kila kitu kinachotoka hapa kina nembo yangu, lile ua la majani manane lenye vijitundu pembeni, na watu wanaliita ua la Mwanapili. Basi mwezi uliopita nikataka kuiandikisha nembo kisheria, nikapewa fomu. Niliijaza vizuri mpaka nilipofika panapouliza jina la aliyeibuni, na chini yake utie saini kuwa unasema kweli. Kalamu ikakwama pale pale. Nikaitia fomu kwenye droo.

Nikaona dawa ni kubuni nembo mpya. Nikachora karafuu. Mama akasema karafuu iko kwenye duka la mchele, iko kwenye duka la dawa, sasa mie nauza kipi kati ya hivyo. Nikachora penseli, akauliza kama nimefungua skuli. Nikazisokota herufi za jina langu, akasema zinafanana na utumbo wa mbuzi. Siku tisa nzima nachora nachana, na kila nilipouacha mkono uende wenyewe, ulirudi kwenye ua lile lile. Siku ya tisa Mama akachoka, akaniuliza kwa nini nalikimbia ua zuri lililonilisha miaka yote hii. Nikamwambia si langu. Akauliza la nani. Nikalia kabla sijajibu, na unanijua mie si mtu wa kulia ovyo.

Dada, ua ni lako. Ndilo ulilolibuni ulipomshonea Hamad kofia ya uchumba, ukatukataza sote tusilione mpaka alivae yeye. Mie nilikuwa na miaka kumi na saba, nawachorea watu kofia, najiona fundi. Akaja Jaribu, yule kijana wa mtaani kwetu, akataka kofia ya Idi ambayo hakuna mwenzake atakuwa nayo. Nilikuwa sina jipya kichwani. Siku uliyokwenda kwenye maulidi nikafungua sanduku lako, nikalinakili ua lote kwa penseli, nikalishona mwenyewe kwa siri. Wallahi sikufikiri kuwa Hamad na Jaribu wataswali Idi msikiti mmoja, safu moja.

Yaliyofuata unayajua kuliko mie. Kwao Hamad walisema mwanamke mwenye heshima hashonei vichwa viwili ua moja. Jaribu alipoulizwa kofia kapewa na nani, akacheka tu, maana alipenda asifiwe, na wiki ile ile akaenda zake Tanga. Posa ikavunjwa. Weye uliapa kuwa umeshona moja tu, Mama akakwambia umemvua nguo mbele za watu. Mie nilikuwa pembeni namenya muhogo, nikaendelea kumenya. Nilijiambia nitasema kesho. Bi Mgeni akakuchukua Unguja, na kesho ile imefika miaka kumi na mitatu. Umerudi Pemba mara moja tu, siku tatu za matanga ya Baba, na ukalala kwa jirani.

Nilipofungua ofisi nikaliweka ua ubaoni, nikidhani likishaenea mji mzima halitakuwa tena ushahidi wa kitu. Wanasema njia ya mwongo fupi, lakini mie nimetembea nayo mbali. Kila niliposifiwa kwa ua lile niliona haya, na bado nikashukuru.

Juzi nimeushusha ubao. Fomu nimeichana. Nembo mpya sina, na sijui nitaipata lini. Hamad ana mke na watoto kule Mgogoni, sijamwambia, kwa sababu kumwambia au kutomwambia ni haki yako. Ukitaka ajue, nitakwenda kwa miguu yangu na nitasema mbele ya mkewe na wazee wake. Wala sikuombi unisamehe upesi. Kasirika kwanza, dada, una haki.

Salamu za Mama ndizo hizi. Nilipomaliza kumweleza hakunipiga wala hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Akaswali alasiri, kisha akaniambia nichukue kalamu. Kasema nikuandikie kuwa anajua mtoto ndiye anayemwomba mzazi radhi, lakini safari hii mzazi ndiye anayeomba. Kasema mwanawe wa kumzaa aliapa mbele yake, naye akaamini kofia. Anauliza kama utamfungulia mlango akipanda boti kuja Unguja.

Bi Mgeni msalimie, na barua hii msomee ukipenda. Wasalaam.

Mdogo wako, ukinikubali,
Mwanapili