Kikombe cha zamzam

Jumapili

Shangazi atachukua saa mbili nzima kutoka, nilijiambia. Pasipoti, mizigo, forodha. Hakuna atokaye uwanja wa ndege mapema. Basi nikasimama Mtwapa, nikala biriani, nikaagiza na chai.

Kumbe Shangazi alitoka baada ya nusu saa tu. Nilimkuta nje amekaa juu ya begi, amepakata boksi la maji ya zamzam aliyonichukulia Makka, jua likimchoma.

"Shikamoo, Shangazi. Gari limeniharibikia njiani."

"Marahaba. Alhamdulillahi u mzima. Muda wote nakuombea, nilidhani umepata ajali."

Mpaka Malindi nilikuwa nikinuka biriani.

Nyumbani, kikombe cha kwanza cha zamzam alinipa mimi. Kipo hapa mezani. Nimeshindwa kukinywa.