Kuoa, Si Kuua

Kavimvira, Jumamosi, kiangazi 1964

Bado nacheka. Siku hizi muntu anaweza kufa kwa herufi moja.

Asubuhi tulimsindikiza kaka yangu Bahati kuja huku kwa wazazi wa mchumba wake, Furaha. Njiani waasi walikuwa wameweka gogo, na mmoja wao akamwelekezea kaka bunduki.

“Weye, unaenda kufanya nini?”

Kaka akiogopa, midomo yake hukauka. Alitaka kusema kuoa. Likatoka: “Kuua.”

“Kuua nani?”

“Binti ya Mzee Kashindi.”

“Baba yake anajua?”

“Anajua. Tena amekubali, tulimupelekea mbuzi.”

Niliposikia bunduki inakokiwa, nikaruka mbele. “Kuoa, ndugu yangu! Anaenda kuoa bibi!” Nikapiga vigelegele peke yangu pale njiani, kama kichaa.

Yule mwasi akatukodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya gogo. Kabla ya kutuachilia akamfundisha kaka kama mwalimu: “Viringisha midomo, sema o. O! Na hiyo u yako utamaliza watu.”

Kaka hakufungua kinywa tena. Tulipofika, Mzee Kashindi, ambaye hakuwa amemwona bado, akamuuliza amekuja kufanya nini. Kaka akamwonyesha Furaha kwa kidole, basi.

“Huyu ni bubu?” mzee akanigeukia.

Furaha ndiye aliyesema, tena haraka: “Bubu ni muzuri, papa. Hatanipigia kelele.”