Bisibisi ya Mkono wa Kushoto

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Siku tuliyokuzika, wanawake walinishika mabegani wakidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nalia kwa wivu. Nilimwonea wivu Masanja, mwanafunzi wako wa karakana.

Ngoja nikueleze, maana wewe ulikuwa umelala na hukuona.

Mzee Kondo, mtani wako, yule Mzaramo fundi cherehani, alikuja matangani siku ile amevaa aproni yako ya ngozi. Sijui aliitoa wapi. Akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akakiingiza sikioni mwa Mjomba, akakizungusha kama anafungua skrubu. "Tulia wewe, chuma cha Kisukuma! Nikikufungua leo ubongo wote utamwagika, kama upo!" Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Mama naye alicheka. Ulikuwa wewe kabisa, Baba, na kichwa umekiinamisha upande. Kisha akasimama wima, akauliza kwa sauti kubwa, "Fundi Shoto kaondoka. Shoto kamwachia nani?" Akajijibu mwenyewe. Alimshika Masanja mkono wa kushoto, akauinua juu kama wa mshindi wa ngumi. "Mtoto wake huyu hapa!"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu nao kiasi cha kuweza kuwagusa.

Masanja hana shoto, Baba. Alipotufikia kutoka Kishapu alikata kuni kwa mkono wa kulia, akatupia mbwa mawe kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto alijifunza kwako, kwa kukutazama. Mwishowe hata sigara akawa anaiwasha kwa kushoto. Ulifurahi sana. Ulikuwa ukisema mbele za watu, "Huyu ndiye mkono wangu."

Mimi nilizaliwa nao. Mama aliupiga mezani kila nilipoupeleka kwenye ugali. Mwalimu aliufunga kwa kitambaa nyuma ya mgongo mpaka wa kulia ukajua kuandika. Nilikuja likizo nikakwambia. Uliutazama mkono wako mwenyewe uliojaa grisi, nikadhani utanitetea. Ukasema, "Mtii mwalimu wako, mwanangu." Halafu ukamgeukia Masanja ukamwagiza tupa.

Kila likizo uliniwekea kigoda mlangoni pa karakana. "Kabula, nisomee." Nikakusomea magazeti, vitabu vyangu vya shule, hata maandishi ya kwenye makopo ya rangi. Mimi nasoma, Masanja anabana chuma kwenye jiliwa. Mara moja niliinyooshea mkono ile bisibisi ndogo yenye mpini wa pembe ya ng'ombe, ukaniambia, "Iache, hiyo ni mikono ya shule." Najua ulisema kwa upendo. Lakini Masanja alitabasamu, na mimi siku ile ningekubali vitabu vyangu vyote vichomwe, ili mradi niishike ile bisibisi.

Sasa nikupe habari za tangu uondoke.

Unaikumbuka bastola ya Bwana Kofia, mkuu wa walinzi wanaosindikiza dhahabu ya mgodi. Uliiacha mezani. Ilikuwa imenyeshewa, kibao kimoja cha mpini kimepasuka na skrubu zimeng'ang'ana kwa kutu. Ulikuwa umeshachonga vibao vipya vya mpingo. Ilibaki kuzitoa zile skrubu mbili tu, ndipo kifua kikakulaza.

Matanga yalipokwisha kuanuliwa, Bwana Kofia akaja. Alivua kofia kwa Mama, akampa pole, kisha akamwambia Masanja, "Jumamosi naitaka. Ukiweza, karakana ni yako. Ukishindwa, nitaleta fundi kutoka Mwanza." Na unajua karakana ni ya mgodi, na nyumba yetu ni ya karakana. Fundi mwingine akija, Mama anafungasha vyungu.

Mama akamwuliza, "Masanja mwanangu, utaweza?"

"Nitaweza, Mama. Baba alinionyesha."

Hakusema fundi. Alisema Baba.

Nikachukua kitabu nikakaa kwenye kigoda changu. Nilimwomba Mungu Masanja ashindwe. Nikaikumbuka nyumba, nikamwomba aweze. Kisha nikarudia la kwanza.

Alianza vizuri. Risasi Bwana huwa anabaki nazo, lakini Masanja aliifungua bastola, akachungulia, akaingiza kidole cha mwisho, akachungulia tena, kama ulivyomfundisha. Akaifunga kwenye jiliwa na vipande vya ngozi pembeni. Akachukua bisibisi kwa kushoto, akainamisha kichwa upande. Ikateleza. Ukingo mmoja wa kichwa cha skrubu ukaliwa. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi, na ufa wa kuingizia bisibisi ukaliwa wote, kichwa kikabaki laini kama senti kuukuu. Jasho lilikuwa likimdondoka juu ya chuma.

Hapo nikaona jambo ambalo labda wewe ulilijua siku zote. Kazi kubwa mkono wake ule wa kushoto uliziweza. Skrubu ndogo iliyoshikwa na kutu inataka mkono unaosikia, na ule haukusikia kitu. Masanja alikuwa ameuvaa tu, kama Mzee Kondo alivyovaa aproni yako.

Nikasema, "Kaka Masanja, tumia wa kulia."

"Fundi hakutumia wa kulia."

"Fundi wake wa kulia haukujua kazi. Wako unajua."

Akaitupa bisibisi mezani. "Wewe mwalimu, soma kitabu chako! Unajua nini wewe? Ukirudi shule, mimi ndiye ninayebaki hapa. Asubuhi Fundi ananiambia Kabula kasoma hivi, jioni Kabula kasema vile. Unasoma anakutazama. Mimi alikuwa ananitazama nikikosea tu! Nimechoka na jina lako."

Sikuwahi kufikiri kwamba jina langu lilikuwa likitajwa humo ndani nisipokuwapo. Baba, kwa nini hukuniambia mimi mwenyewe? Ulikuwa ukinisikiliza umeinamia kazi yako, nikadhani unasikiliza gazeti.

Niliweka kitabu chini, nikainuka. Masanja hakunizuia. Niliichukua ile bisibisi ya pembe kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na mpini wake umelika mahali kidole gumba chako kilipokuwa kikikaa. Changu kilikaa papo hapo.

Sikuwa najua mengi. Nilijua yale niliyoyasikia mlangoni nikifunua kurasa. Nilichora ufa mpya kwa tupa nyembamba, taratibu, nikipuliza vumbi la chuma. Nikatia tone la mafuta ya taa, tukasubiri, kila mmoja akitazama upande wake. Masanja mwenyewe akaenda kupasha moto chuma cha kulehemu, akakigusisha kichwani mwa skrubu ili kutu ilegee, akaniachia nafasi. Nikanoa ncha ya bisibisi mpaka ikajaa kwenye ufa bila kucheza. Kisha nikasikia sauti yako, "Kaza kwanza." Nikakaza kidogo, kama mtu asiyetaka kabisa kufungua. Skrubu ikalia. Nikageuza. Ikaja.

Nilitaka kuitoa na ya pili. Mkono wangu uliitaka, Baba, na sioni haya kukwambia. Lakini Masanja alikuwa amesimama pale, mikono yote miwili inaning'inia. Nikampa bisibisi kwenye mkono wa kulia. Akaishika kwanza kama kitu cha wizi. Akakaza, akageuza, ikatoka nzima, wala haikuliwa.

Jumamosi Bwana Kofia aliikamata bastola, akaizungusha kiganjani, akapitisha kidole juu ya mpingo wako. "Kazi nzuri, fundi," akasema, akimwambia Masanja. Masanja alinitazama akataka kusema kitu, nami nikatazama chini, unajua nilivyo. Bwana akaondoka. Mama akachinja kuku.

Tunabaki kwenye nyumba. Masanja sasa anafanya kazi kwa kulia, na kazi inakwenda. Watu wanamwita Fundi Masanja. Jana Mzee Kondo alipita akachungulia, akapiga kelele, "He! Shoto imekwenda wapi?" Masanja akacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu, na neno "Ninayo mimi" likafika mpaka kwenye meno yangu, likarudi.

Bado namwonea wivu, sitakudanganya. Yeye anaamka kila siku penye harufu ya grisi yako, na mimi kesho naondoka na basi kurudi shule. Lakini usiku wa kuamkia leo sikulia kwa ajili yake. Nimeanza kukulilia wewe.

Lala salama, Baba. Shuleni nitaandika kwa kulia, nimtii mwalimu, kama ulivyosema. Nikija likizo nitakaa mezani, si mlangoni. Masanja nimeshamwambia, akasema, "Lete na gazeti."

Barua yote hii nimeiandika kwa kulia. Sasa nimehamisha kalamu. Jina limepinda na wino umenichafua kiganja.

Kabula