Anayemnyanyua Baba

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumai umzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tupo, tunasukuma siku. Baba anasema ukipata mchumba awe na mabega mapana, maana mkwewe amekuwa gunia la saruji. Unaona mwenyewe: tangu alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka, miguu haina kazi, lakini mdomo haukuvunjika.

Habari za Mama si nzuri. Mgongo umegoma. Kule kwa dobi wamemwachisha kazi kwa sababu hawezi tena kuinua shuka zilizolowa. Daktari akamshauri aombe posho ya ulemavu, yeye mwenyewe, mbali na ile ya Baba. Mama alicheka, akauliza wagonjwa wawili nyumba moja nani atamtazama mwenzake. Mwishowe alikubali, akaniomba nikamtafsirie, kwa kuwa pale ofisini wanazungumza lugha tunayosomea shuleni.

Hukuniita Konokono bure. Nilitafsiri nikiitazama meza. Yule afisa alikuwa mpole, hata alimsogezea Mama kiti chenye mto. Aliuliza kama anaweza kuinama, kufagia, kubeba ndoo, nami nikawa napokea huku na kupeleka kule. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipouliza mumewe anatokaje kitandani, na nani humwingiza bafuni.

Mama alinitazama kwanza. Kisha akasema, "Mimi. Peke yangu."

Nikatafsiri vilevile. Afisa aliweka kalamu chini, akasema taratibu kwamba mtu anayembeba mwanaume mzima kila siku, yeye hawezi kumwandika kuwa ana mgongo mbovu. Ombi likakataliwa. Tulipofika mlangoni kwetu Mama aliniambia mambo ya chumbani hayapelekwi ofisini.

Dada, sasa nikuambie ninachokuficha kwenye simu. Ukiniuliza shule, nakujibu inakwenda. Inakwenda kweli, ila bila mimi. Tangu Mama alipoanguka na Baba bafuni, anayemnyanyua ni mimi. Kila asubuhi namkumbatia kifuani, naye anafumba macho na kusema, "Fundi, pandisha mzigo." Halafu kutwa nzima hataki nimtazame usoni. Mama anaogopa wakijua watauliza mtoto wa shule anafanya nini nyumbani, na Baba atafedheheka kwamba watu wamejua. Ndiyo maana alijitwika jibu lile, nami nikamsaidia kulibeba.

Mama amekata rufaa, nayo itasikilizwa Jumatatu. Nitakaa kwenye kiti kilekile. Mama ameshanionya nitafsiri tu, nisiongeze langu. Akiulizwa tena atajitaja yeye, na nitatafsiri kama alivyosema, kwa heshima yake. Kisha nitasema ukweli, kwa lugha zote mbili, asije akadhani nimemsema mbele yake kwa maneno asiyoyaelewa. Nimejaribu kuyasema bafuni bomba likiwa wazi. Sauti inatoka, ingawa inatetemeka.

Nakuomba umpigie Mama jioni ile. Usinitetee. Muulize tu mgongo unaendeleaje, halafu umwache aseme.

Baba ananiita nimgeuzie upande wa dirishani, kwa hiyo naishia hapa. Wote wanakusalimu, ingawa hawajui ninakuandikia.

Mdogo wako,
Konokono